Chande wa Tsuma, Mwalimu wa Gofu Aliyesimamishwa Juani

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika Munje, na bado tuna hasira. Tumeambiwa kwamba tangazo la kumbukumbu huandikwa kwa upole. Tumejaribu. Upole haukuja.

Ulikuwa mwalimu wa gofu. Kwanza uliwabebea Wazungu mifuko ya fimbo zao, kisha ukaujua mchezo wenyewe, kisha ukaanza kuufundisha. Watu wetu hawakuelewa hata siku moja ni kazi gani hiyo, kumfundisha mtu mzima kutia kijipira kishimoni. Barazani uliwaeleza bila kuchoka kwamba mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Walikusikiliza kwa heshima, kisha wakakuombea riziki nyingine.

Halafu akaja Ziro Baya, Mduruma kutoka bara ya Lunga Lunga. Nguvu alikuwa nazo, lakini mpira wake uliruka mbali ukapotelea vichakani. Ulimpeleka ufukweni Munje maji yakiwa yametoka, mchanga ukiwa mgumu, ukamfanya apige na kupiga tena.

"Taratibu, Ziro," ulimwambia. "Hatuui nyoka hapa."

Mbele yake ulinuna. Hakuwahi kusikia sifa kutoka kinywani mwako. Nyumbani ulikuwa mtu mwingine. Uliingia hata viatu hujavua, ukamwita Mama.

"Mama Mbeyu! Leo amepunguza tena!"

Jirani yetu Bi Kahaso akauliza ng'ambo ya ua, "Amepunguza nini, mwanangu? Kula?"

Alikuwa amepunguza mapigo. Kutoka tisini na kitu akashuka hadi themanini na tano, kisha sabini na tisa. Alipokubaliwa kuwa mchezaji wa kulipwa, ulizunguka kijiji kizima ukiamkia watu ambao ulikuwa umekwisha kuwaamkia asubuhi ile ile. Hakuwa mtu wa miujiza. Kila mwezi alisogea kidogo, na kidogo hicho hakikurudi nyuma. "Hicho ndicho kinachonifurahisha," ulisema. "Bahati ingemchezea, leo juu, kesho chini. Huyu anajifunza."

Sasa tuyaseme yale mengine.

Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, bendera imepandishwa, sisi sote tumeimba. Yakafanyika mashindano makubwa katika kilabu moja ya huku pwani. Jina lake gazeti limetukataza kulitaja, lakini wenyewe wanajijua. Ziro alikuwa anacheza. Wewe kifua kilikuwa kinakubana tangu wiki nyingi. Ulivaa koti lako, ukaenda, ukaomba kiti kimoja tu kivulini, barazani, mahali ambapo ungeliona shimo la mwisho.

Katibu wa kilabu akakujibu, "Hapana kaa hapa. Hapa ni ya memba. Wewe ngoja kule."

Kule ni nyuma ya ua wa miti, juani. Mbeyu, mwanao, alikuwa pamoja nawe na aliyasikia kwa masikio yake. Katika baraza ile walikuwamo waheshimiwa wetu, wanachama wapya, watu waliokula pilau nyumbani kwetu walipokuwa wakitaka kura. Walikujua kwa jina. Walitazama gilasi zao. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mzee, chukua kiti changu."

Ukasimama. Ukakohoa ndani ya leso ili usimharibie Ziro utulivu. Na Ziro akamaliza kwa mapigo sabini na mawili, ambayo hakuwa amewahi kuyafikia maishani mwake, akawa wa pili kati ya wote. Mbeyu anasema ulilia, na kwamba ulimkataza asituambie. Ametuambia.

Kisha zikaja hotuba. Katibu akamshukuru mwalimu Mzungu, aliyekuja kilabuni mara mbili kwa mwaka, kwa kumlea Ziro. Watu wakapiga makofi. Ziro alipokea zawadi yake, akasema ahsante, akarudi mahali pake bila kukutaja. Aliogopa kufukuzwa, naye alikuwa na watu wa kulisha.

Kesho yake alikuja kwetu analia. "Mwalimu, nimekukana."

"Acha hayo," ulimwambia ukiwa kitandani. "Shimo la kumi na nne ulikaza mkono. Kwa nini?"

Mkazungumza juu ya mkono huo mpaka chakula kikapoa. Nasi tulikukasirikia, Baba. Tulitaka ukasirike. Tulitaka utukane japo mara moja.

Hukuinuka tena. Daktari alisema mapafu yako yalikuwa yameharibika zamani, na hatutasema uongo kwamba ni jua la siku ile lililokuua. Tunachosema ni kwamba siku ile ulikuwa mgonjwa, na viti vitupu vilikuwapo, tumeviona kwenye picha ya gazeti. Ziro alichimba kaburi lako pamoja na wanao.

Mashindano yaliporudi mwezi wa Disemba, kilabu ilimtuma mtu kutuambia kwamba wameamua kuwa na Kombe la Chande. Mama yetu akaulizwa kama angependa kulikabidhi kwa mshindi. Alijibu akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha mtu wao ndani: "Waambie walinywee chai."

Ziro hatukumwambia afanye lolote. Siku ya kwanza alipoitwa apige, aliweka mpira chini, akageuka kuielekea baraza, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Aliyenifundisha ni Chande wa Tsuma wa Munje. Hapa mlimnyima kiti." Akauokota mpira wake, akaondoka. Wamemfuta kilabuni. Sasa anacheza Nairobi, na mapigo yanazidi kupungua.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Baba. Akupe kivuli.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwanapili. Wanao Mbeyu na Tsuma. Dada yako Mbodze. Wajukuu wako wote. Pamoja na Ziro Baya, ambaye Mama ameamuru aandikwe miongoni mwa watoto.

Wewe hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na wale waliotazama gilasi zao, nao hatutawasahau.