Mate ya Mjomba kwa Timu ya Nzogolo

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpendwa Emilia,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na yule mbuzi wa pembe moja ameacha kutafuna kanga zako. Wote hapo Mvumi nawasalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Sisi huku hatujambo, ila vumbi tu. Upepo wa mwezi huu unaweza kumbeba mtu mwenye mwili mdogo, bahati nzuri mimi unanijua. Wifi yako Hilda anakusalimu, anasema karanga zilifika na mimi ndiye niliyezimaliza. Anatia chumvi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, nakujua, ukisikia neno usilolipenda unakata. Barua haikatiki. Nimempa Ludovick, kondakta wa basi la Mvumi, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka ufike mwisho.

Ulinituma jambo zito. Ulisema mtu amekuonyesha picha kwenye simu, mchezaji wa mpira wa Kimarekani pale chuoni kwa watoto wako, kavaa kofia ngumu inayoficha uso mzima, na mgongoni kaandikwa Chalula, jina la marehemu shemeji. Ukasema huyo ni Stanley tu, nani mwingine. Ukasema shemeji Filipo alivunjika shingo alipoanguka kwenye lori la zabibu, nawe hutazika shingo ya pili. Basi niende kama mjomba nikamtoe, na akikataa utawarudisha nyumbani wote wawili, yeye na pacha wake Edina, wakachunge mbuzi, masomo kwaheri.

Nikaenda, dada. Mimi nikitumwa sikai.

Lakini kwanza ujue timu hii imetoka wapi, maana sasa naijua kuliko hata mkuu wa chuo. Chuo cha Mifugo Nzogolo ni kidogo, ukipiga chafya getini wanakujibu bwenini. Miaka ya nyuma alikuja mwalimu mmoja Mmarekani, Randi, kufundisha mambo ya ng'ombe wa maziwa. Alikuja na gunia la mipira isiyo ya duara, imechongoka huku na huku kama kibuyu. Mpira huo unaushika mkononi unakimbia nao, na wenzako kazi yao ni kukubwaga chini. Mguu wanautumia kwa nadra, kama mimi ninavyotumia sabuni, anasema wifi yako.

Shida ikawa hakuna wa kucheza nao. Hakuna chuo kingine huku kilichoujua mchezo huo. Wakajigawa wenyewe, wanaosomea nyama upande huu, wanaosomea maziwa upande ule, na kila Ijumaa Nyama na Maziwa wanabwagana kando ya josho la kuogeshea ng'ombe. Kwa hiyo Nzogolo haijawahi kufungwa na mgeni yeyote, na hilo wanalitangaza kwa kifua mbele. Nikawaambia hata mimi sijawahi kupigwa ngumi na Mjapani.

Mwanzoni walivaa helmeti za bodaboda, na mabegani walijaza vipande vya godoro kuukuu vilivyofunikwa ngozi ya ng'ombe. Siku moja kijana mmoja wa Maziwa aliupiga mpira kwa mguu ukapaa, ukatua juu ya treni ya umeme, ukaenda zake Morogoro. Kesho yake ukarudi, umekaa kwenye kiti, una tiketi. Usicheke. Sikuwepo, nilikuwa mnadani, lakini aliyenisimulia hanywi pombe.

Randi alipomaliza mkataba akarudi kwao, akawatumia kofia za kweli, zile zenye vyuma mbele ya mdomo. Wengi wakadhani timu imekufa. Mkufunzi wa chanjo, Eliakimu, ndiye aliyeikamata. Waliobaki hawakutosha, akaokota yeyote mwenye mabega na moyo. Na sasa sikia: Jumamosi hii timu ya vijana inapanda treni kutoka Dar es Salaam kuja kucheza nao. Mgeni wa kwanza tangu timu izaliwe! Chuo kizima hakilali.

Basi nikafika, nikawakuta mazoezini. Humjui huyu wala yule, wote vichwa vikubwa kama nzige. Eliakimu alinipokea kwa heshima zote, shikamoo mzee, karibu kiti. Ningesema shida yangu palepale, yangeisha. Lakini nilimwona kijana mmoja anamkosa mwenzake aliyeshika mpira, nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia mbele yao amesimama Kefa, dalali wa mnada wa ng'ombe wa Msalato, ambaye huangusha fahali kwa mkono mmoja, na siku akiumwa ndiyo anatumia miwili. Wakasema mzee tuonyeshe. Nikavua koti. Wakanipa mchezaji mmoja mwembamba tu, ashike mpira, nimwangushe.

Dada, sijui kilichotokea. Niliona mbingu, kisha nikaona vumbi, kisha nikaona mbingu tena. Mmoja akauliza kama fahali yuko salama. Wakacheka mpaka ng'ombe wa josho wakageuka kutazama.

Sasa mtu mzima haachi heshima yake chini. Nikainuka, nikajikung'uta, nikasema hilo lilikuwa jaribio na wamefaulu, kwa hiyo nitawabariki kwa ajili ya Jumamosi. Wakapiga magoti na kofia zao kichwani. Nikajaza maji mdomoni, nikawapulizia pamoja na mate, mmoja mmoja, kama mama alivyotufundisha, nikitamka kwamba waanguke na wainuke, na shingo zao ziwe ngumu kama mpini wa jembe. Nilipomaliza ndipo nikauliza kwa sauti ya kazi, Stanley Chalula ni yupi kati yenu, nimekuja kumtoa.

Yule mwembamba aliyenibwaga akavua kofia. Ni Edina.

Akanipa shikamoo vizuri kabisa, kisha akasema mjomba, umeshanibariki.

Ndiyo hivyo, dada. Si Stanley. Stanley alikuja nyuma na ndoo ya maji, sindano imechomekwa kwenye kola. Yeye ndiye anayewashonea mabega. Wiki zote ulizokuwa ukimgombeza kwa simu alikubali makosa yasiyo yake, akidhani utamhurumia mvulana kuliko binti.

Nilimvuta Edina pembeni nikamsema, usidhani sikumsema. Nikamkumbusha baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba tangu baba afariki, kila mtu Mvumi humshika kichwa na kumwambia pole, kama yai lenye ufa. Akasema hapa uwanjani watu wanamjia kwa nguvu zao zote, anaanguka, anainuka, na hakuna anayemwambia pole. Dada, mimi, Kefa, nikajikuta namkung'uta vumbi mabegani.

Nawe unajua mila yetu. Mate ya mjomba kwa mtoto wa dada yake hayarudi mdomoni. Nilibariki bila kuuliza nani yuko ndani ya kofia, kosa ni langu na kinywa changu. Lakini mama alituambia kuna kitu kimoja kinachoyafuta, nacho ni chozi la mama mzazi. Kwa hiyo uamuzi uko kwako, si kwangu. Ukilia, nitaenda kumtoa, na nitamtoa kweli.

Ninakuomba usilie kabla ya Jumamosi. Panda basi la Ludovick, uje ukae karibu nami pale joshoni. Ukimwona anaanguka, nishike mkono. Akiinuka, basi lia utakavyo, hapo baraka imeshatimia, chozi halifuti kitu.

Nisalimie majirani na wazee wa kanisa. Wifi yako atakupikia mlenda, na karanga ukija nazo nitazificha mbali na mimi mwenyewe.

Ni mdogo wako akupendaye,
Kefa

Mbavu zangu zinaendelea vizuri. Mnadani nimewaambia ni fahali, tena wa Kisukuma. Tafadhali usinirekebishe.