Kubaini Homa ya Mwalimu Elyse

Lodwar, 3 Machi 2025

Mama yangu Mwalimu Elyse,

Ejok? Mimi mzima, ila joto la hapa mtaani Kanamkemer limetukalia. Ni Namuria, uliyenifundisha Kiswahili darasa la saba Kakuma. Sasa nasomea utabibu. Juzi mkufunzi aliuliza maana ya "diagnosis". Nikasema, "Kujua ugonjwa." Akasema ni neno la Kigiriki: kujua kwa kutenganisha. Kiswahili chetu kinasemaje? Sina mwingine wa kumuuliza. Na afya yako?

Mwanao,
Namuria

Kakuma, 9 Machi

Mwanangu Namuria,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Andika "kubaini". Neno limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na "baina". Anayebaini husimama baina ya vitu vinavyofanana, akavitenga mpaka kila kimoja kionekane.

Afya si nzuri. Tangu Desemba homa inakuja na kuondoka, jasho linalowesha shuka, kiuno na magoti vinauma. Nimejinunulia dawa ya malaria mara nne. Shuleni wanatafuta wa kushika nafasi yangu. Jirani yangu Akiru huniletea maziwa ya mbuzi, bado yana joto la kiwele. Ndiyo yanayonishikilia.

Mama yako,
Elyse

Lodwar, 12 Machi

Mama,

Pole sana. Usinunue tena dawa ya malaria! Homa ya miezi mitatu, viungo kuuma, maziwa yasiyochemshwa: nilimwonyesha mkufunzi barua yako, akasema, "Apimwe brusela," ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi. Mimi mwanafunzi tu, huenda nimekosea. Lakini nenda hospitali, uwaambie habari ya maziwa. Usiwaachie wabahatishe.

Mwanao,
Namuria

Lodwar, 6 Aprili

Mama,

Uko salama? Namuuliza kila anayetoka Kakuma. Kama nilikukosea heshima kwa kukuamuru, nisamehe. Nijibu hata neno moja.

Namuria wako

Kakuma, 5 Mei

Mwanangu,

Hukunikosea. Vidole viliuma, kalamu ikanishinda. Ilikuwa brusela. Dawa za wiki sita nimemaliza, na homa imekwisha.

Akiru alilia akisema maziwa yake nusura yaniue. Nilimkumbatia, maana ni yeye aliyenilisha nilipokuwa siwezi kuamka. Naye alipimwa, akakutwa nayo. Sasa anatibiwa, na maziwa tunachemsha.

Daktari aliniuliza, "Nani alikwambia utaje maziwa?"

"Binti yangu, yuko Lodwar."

Akanipa fomu ya hospitali nijaze. Tangu nitoke Kongo peke yangu, pale pa jina la jamaa wa karibu nilikuwa napaacha wazi. Safari hii nimeandika jina lako. Asante, mwanangu.

Mama yako,
Elyse