Jina Nililolifumua Mgongoni Mwako

Mudogo wangu Lukasi,

Binti yako mkubwa ameniandikia kwenye simu. Ameuliza swali moja tu, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa: siku ile baba alipompiga mchezaji mwenzake, wewe uliona nini? Anasema wazazi wa kijiji chenu wanataka uwe mwalimu mkuu wa timu ya watoto, lakini wakubwa wa mchezo huko kusini wamefufua karatasi ya zamani inayosema ulimvunja mtu jino bila sababu. Bila shahidi, kazi huipati. Na shahidi, anasema, baba amemtajia mmoja tu. Leo ni wiki ya tatu sijamjibu. Niko hapa Kindu, barazani kwangu mtaa wa Mikelenge, nashona suruali za watu, nakosea, nafumua, nashona tena, na ile simu iko mfukoni kama kaa la moto.

Nakuandikia Kiswahili ingawa najua unachokijua ni maneno matano, na mawili kati yake ni matusi niliyokufundisha mimi. Kifaransa nitakiandika baada ya hii, chako na cha wakubwa. Lakini aibu yangu haijui Kifaransa.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa na mwaka mmoja Kanada, nimetoka kambi ya wakimbizi, wakanipa kazi kwenye uwanja wa hoki: kunoa visu vya viatu vya wachezaji, kufua jezi, kushona majina mgongoni. Mimi fundi cherehani wa Kindu, barafu nilikuwa nimeiona ndani ya glasi tu, sasa naona watu wazima wanakimbizana juu yake na magongo na kulipwa mshahara. Siku moja nikaletewa jezi mpya na karatasi ya jina: LUKASI. Nikafurahi peke yangu. Nikasema huyu lazima ni mtu wa Pangi, leo nitaongea na wa kwetu. Kumbe ukaingia wewe, mfupi, mabega mapana, umebeba boksi la nyama iliyoganda aliyokutumia mama yako. Nilicheka. Na wewe ukanicheka, juu ya kuvaa makoti mawili ndani ya nyumba iliyopashwa moto.

Chumba changu cha kufulia ndicho kilikuwa baraza letu. Mashine zinazunguka, sisi tunapiga soga, Kifaransa chako kibovu, changu cha Kindu. Ulinieleza kijiji chenu huko juu kaskazini, kwa watu wenu, wenyeji wa nchi ya barafu, hakina barabara ya kwenda popote, mtu na mzigo vyote vinaletwa na ndege. Nikakwambia na sisi vilevile, miaka ya vita. Mji ulizungukwa, garimoshi likanyamaza, mchele wa Kibombo haukufika, hata chumvi tuliingoja ishuke kutoka angani. Ukasema basi sisi wawili ni watu wa ndege. Ukaniambia ulijifunza kuteleza na viatu vya kaka yako, umejaza soksi tatu ili visikutoke. Ukaondoka kwenu na miaka kumi na mitano kwenda kucheza kusini, ukalala nyumba ya watu usiowajua, na mama wa nyumba alikugombeza kila asubuhi kwa kulala dirisha wazi. Misimu miwili hukumuona mama yako. Ulilisimulia hilo huku unafunga kamba za kiatu, hukuinua kichwa.

Nilikufundisha kuniita Yaya, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwetu, na wewe hukuona haya kuliita mbele ya wote. Yaya, noa hiki. Yaya, leo utatazama? Nilitazama mechi zote. Ulikuwa beki, na mtu kukupita ilikuwa shughuli. Kule majukwaani walikupigia kelele kwamba unanuka samaki, walikuita jina lile ambalo watu wenu hawalitaki. Ulinyang'anya ule mpira mweusi bapa, ukaondoka nao taratibu kama mtu anayerudisha mbuzi wake nyumbani. Mwaka wa sita ikaja barua: timu moja kubwa kabisa inataka kukujaribu majira yakibadilika. Uliileta kwangu kwanza, kabla hujampigia mama yako.

Na ile nyama. Mara ya kwanza uliponikaribisha nilikataa. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtukana mama yake, na mimi nilijua, lakini nyama ilikuwa mbichi, jamani. Hukuninunia. Kesho yake ulileta kipande changu na sufuria, ukasema, ipike unavyojua. Nikaitia pilipili mpaka ukalia machozi. Tangu siku ile tulikula pamoja kila boksi lilipofika, wewe mbichi, mimi ya kupika.

Sasa nitasema lile.

Ilikuwa mchana, baada ya mazoezi. Nilikuwa nakuja na kikapu cha jezi, mlango wa chumba chenu cha kuvalia uko nusu wazi. Yule jamaa mrefu, sitaki hata kumtaja, alikuwa amemwaga boksi lako kwenye pipa la takataka, na juu yake anamimina maji ya sabuni. Akasema chakula cha mbwa kisikae humu. Ulimwomba aitoe. Akacheka, akamtaja mama yako kwa neno ambalo hata leo sitaliandika. Ulimwomba mara ya pili, kwa sauti ya chini. Akakusukuma na gongo kifuani. Ndipo ulimpiga, ngumi moja, basi. Mimi nyuma ya mlango nimekumbatia kikapu, nimeona kila kitu, na sikuingia, mpaka ulipotoka ukanikuta palepale, ukanitaja shahidi.

Mkubwa wa timu alituita ofisini. Jamaa amesema ulimvamia tu, hivihivi. Mkubwa akaweka karatasi mezani, mlinzi mwenye sare amesimama pembeni, akaniuliza wewe ulikuwa pale, uliona nini? Nikasema sikuona kitu. Uligeuka ukanitazama. Hukukasirika, afadhali ungekasirika. Ulisema tu:

"Yaya, sema."

Nikasema tena, sikuona kitu.

Miaka yote hii nimejitetea kwa vita. Wakati watu wenye bunduki walipokuwa wanaingia kartie, mtaani kwetu, na kuuliza nani alipita hapa, nani amefichwa wapi, mama alitufundisha jibu moja, sisi wote, hata mdogo wa mwisho: macho hayakuona, masikio hayakusikia. Jibu hilo lilituokoa, na liliokoa na majirani. Nikajiambia kule ofisini ulimi ulijiendea wenyewe, sare iliuliza, Kindu ikajibu. Ni maneno matamu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi nguo nazijua. Wiki ile nilikuwa nangoja mkataba wa kazi ya kudumu. Nilihesabu, Lukasi. Nilisimama pale nikahesabu wewe na mkataba, nikauchagua mkataba.

Walikufukuza siku hiyohiyo. Timu kubwa ikasikia una ngumi, ikanyamaza. Keshoye mkubwa aliniletea jezi yako, nzuri bado, apewe mwingine. Nilichukua wembe nikalifumua jina lako, herufi kwa herufi, polepole nisichane kitambaa. Ilibaki alama, rangi iliyokolea pale jina lilipokuwa. Nikashona la mwenzio juu yake, na kazi ikasifiwa. Asante ya punda ni mateke, na punda njo mimi mwenyewe.

Nilisikia baadaye uko uwanja wa ndege wa kwenu unapakua mizigo. Halafu nikasikia unawafundisha watoto kuteleza, bure, baada ya kazi. Sikukupigia. Ningesema nini? Nilirudi Kindu kumtunza mama, na hapa, usishangae, wewe ni mtu maarufu. Nimewasimulia mabao yako mpaka wanayajua. Wakiniuliza uliishia wapi, nawaambia goti. Goti lilivunjika, maskini. Hapo nikakuzika mara ya pili, na watu wakakulilia kidogo.

Jana mama aliniuliza kwa nini nashona vibaya siku hizi. Amezeeka, lakini nguo bado anaikagua mshono kwa mshono. Nikamweleza yote, na binti yako, na swali lake. Nikamalizia na ule utetezi wangu, kwamba nilijibu vile alivyotufundisha yeye mwenyewe. Akaweka kitambaa chini.

"Nilikufundisha vile juu ya watu ya bunduki. Ule mukubwa wako alikuwa na bunduki?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi usiingize vita mu ile maneno."

Akarudi kwenye kitambaa chake. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto aliyechapwa. Nina aibu, Lukasi. Nina aibu na mama yako, ambaye nyama yake ilikuwa tumboni mwangu wakati nasema sikuona. Nina aibu na binti yako, anayeniandikia "mpendwa mjomba" bila kujua anamwandikia nani.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe haraka mno, nakujua, na mimi ningeketi kwa raha. Huenda ushuhuda wangu umechelewa na hao wakubwa wasiutake. Huenda watauliza kwa nini mtu huyu alidanganya wakati ule, na nitawajibu: kwa mkataba. Nitaliandika hivyo, kwa jina langu lote na la baba yangu. Na leo jioni nikiwa na wateja hapa barazani nitawaambia hakuna goti.

Bakia salama huko kwenu, wewe na watoto wako wa barafu. Kabla sijamjibu binti yako, nataka wewe ulisikie kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeniomba niseme: ulimwomba mara mbili, akakusukuma, ukampiga mara moja. Niliona.

Mimi,
Yaya wako, kama bado ni wako