Kwa Nini Hawanipigi Mgongoni?

Shangazi Verna, hujambo.

Naandika barua hii ndani ya gari, nimeegesha nje ya duka la mbao, maana nyumbani siwezi, mke wangu ataniuliza naandika nini, na mimi na yeye siku hizi tunaongea ya hali ya hewa tu, na sababu ya kuongea ya hali ya hewa tu ndiyo hii ninayokuletea, nakuomba kwanza usinicheke, ukishanijibu ndiyo ucheke. Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa mji mdogo kama Wausau sijui nimemficha nani.

Mimi ni mtu wa makamo, nilifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa, watoto wameshaondoka, na zamani nilipokuwa kijana nilikuwa nacheza ule mchezo wa mezani wa vita vya roboti, yale majitu ya chuma marefu kuliko ghorofa, ila mezani ni madogo kama kidole gumba, unayasogeza juu ya ramani, unarusha dadu, na kila ukipigwa unatia weusi kwa penseli kwenye karatasi yako mpaka mguu unakatika au mtambo wote unalipuka. Tulikuwa tunacheza chumba cha chini kwa akina rafiki yangu Duane, kila wikendi, msimu wa baridi wote. Halafu Duane akahamia Arizona kufuata jua, tukawa tunapigiana simu, kisha tukawa hatupigiani, na mwaka juzi nikasikia amefariki. Nikatoa lile sanduku langu la roboti darini nikaliangalia tu, nikalirudisha. Mke wangu, tumwite Karleen, akasema, "Kwa nini usitafute watu wa kucheza nao?" Nikamwambia, "Nani anacheza hivyo leo? Wamekufa wote."

Basi masika nikajipa moyo, nikaenda duka la michezo la bwana mmoja aitwaye Terrill, nikabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, kwamba nimerudi kwenye mchezo na natafuta wenzangu wa hapa mjini. Shangazi, kwenye ubao ule kuna tangazo la mtu anayetafuta mpiga ngoma lililoanza kugeuka manjano. Langu lilijibiwa kesho yake. Kesho yake! Hapo hapo machale yakanicheza, lakini nikajitia sijaona.

Ni watu watatu. Kuna Tou Vang, fundi wa mabasi ya shule, mpole, anakuja na maandazi ya nyama ya mkewe. Kuna Zastrow, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuwaamsha walio makaburini. Na kuna Denise, muuguzi, ambaye akikaa mezani huruma anaiacha kwenye koti. Walinipokea vizuri mno. Zastrow akaniuliza, "Mlikuwa mnachezaje enzi hizo, bwana?" Nikawasimulia habari za kwa akina Duane, jinsi kule kumpiga mtu mgongoni kulivyokuwa aibu, na aliyefanya hivyo alipelekwa juu kumwoshea mama yake Duane vyombo vyote, masufuria pamoja. Wakacheka. Zastrow akasema, "Haya, vizuri basi." Tukaanza, na nikashinda.

Jumamosi iliyofuata nikashinda. Na nyingine tena. Mtu aliyekaa miaka thelathini bila kushika dadu, Shangazi, anashinda hivyo? Nikaanza kuwachunguza. Labda nikueleze kwamba roboti hizi zina chuma kinene kifuani na chembamba mgongoni, kwa hiyo mchezo wote ni kumzunguka mwenzako umpige kisogoni. Wao kwa wao wanapigana migongo bila aibu, Denise alimvunja Tou mgongo mpaka Tou akasema, "Dada, hata salamu hakuna?" na Denise akasema, "Salamu ndiyo hiyo." Mimi hawanipigi. Nikafikiri labda nimekosea kuona, kwa hiyo nikatega mtego. Nililitoa jitu langu kubwa kuliko yote, nikalipeleka katikati ya uwanja, nikaligeuza likawapa mgongo wote watatu, ukawa wazi kama mlango wa kanisa siku ya harusi. Denise alikuwa nyuma yangu kabisa. Nikamwona ameshika dadu, ameniangalia, amemwangalia Zastrow, Zastrow akatikisa kichwa kidogo hivi, na Denise akapiga mti wa kwenye ramani. Alipiga mti, Shangazi! Akasema, "Aa, nimekosa." Mwanamke yule hajakosa kitu tangu azaliwe.

Kwa hasira nikazunguka nikampiga yeye mgongoni, makusudi, nione atafanya nini. Aliinuka tu akaenda kwenye sinki la Terrill, akaosha vikombe vya kahawa. Nikajua basi, hata hasira hana, ananichukulia kama mgonjwa wake.

Hapo nikaanza kuunganisha. Ile kesho yake ya tangazo. Tou alijua siku ya kwanza kwamba sinywi kahawa yenye maziwa. Halafu juzi tuko sokoni, mimi na Karleen, ambaye ameniapia kwamba hajawahi kukanyaga duka lile, Terrill akapita na kigari chake akasema, "Karleen! Goti linaendeleaje?" Shangazi, goti! Kwenye gari nikamuuliza.

"Ulikwenda dukani kwa Terrill."

"Mji mdogo huu, watu wanajuana."

"Anajuaje goti lako?"

"Nachechemea, si anaona?"

"Karleen."

"Angalia barabara, kuna kulungu mwezi huu."

Na akawasha redio. Kwa hiyo nimeshajua yote. Mke wangu alikwenda akawaomba watu wacheze nami, kama mtu anavyoomba mtu amtazamie mtoto, wakakubali kwa huruma, wakaambizana, mwacheni ashinde huyo, amefiwa, hana kazi. Jumamosi iliyopita nikawaambia sitaweza kuja wiki hii, nina kazi ya paa. Tou akasema, "Haya. Ukipata nafasi lakini, sawa, hatukulazimishi." Zastrow naye akasema, "Paa ni paa." Denise akasema tu barabara zitakuwa na barafu. Hata hawakunibembeleza. Nimefunga sanduku kwa kamba, nataka kulirudisha darini, ila kila nikipanda ngazi nashuka nalo. Nifanye nini? Niwaulize usoni? Nimbane mke wangu aseme kweli? Au niache kimyakimya, niwapumzishe na mimi nipumzike? Maana, nikuambie ukweli, kabla ya hapo nilikuwa sina mahali pa kwenda Jumamosi, na nikiacha sina tena.

Ni mimi,
Mwenye Shaka


SHANGAZI VERNA ANAJIBU

Mwenye Shaka, nimeshacheka. Uliniomba nisubiri lakini nilishindwa pale kwenye vikombe vya kahawa.

Pole kwa rafiki yako. Hilo naliweka mbele maana wewe ulilipitia haraka, kana kwamba kufiwa na mtu mliyekuwa vijana pamoja ni habari ya kusema huku unatafuta penseli. Pole sana. Sasa nitakugombeza.

Ndugu yangu, umejifanya mpelelezi, umetega mitego, umehesabu maziwa ya kahawa, na jibu umeliandika kwa mkono wako mwenyewe usilione. Watu wale walikuuliza siku ya kwanza mlikuwa mnachezaje. Ukawaambia kwenu kumpiga mtu mgongoni ni aibu. Zastrow akasema, "Haya, vizuri basi." Wewe ulidhani anasema hadithi yako imempendeza. Wewe ni mtu wa Wisconsin, umezaliwa hapa, unapata baridi ile ile ninayoipata mimi, na hujui bado maana ya "haya, vizuri basi"? Maana yake ni kwamba mgeni ametoa sharti lake na sisi tutalishika mpaka tufe. Hawakuonei huruma. Wanatii sheria ya kwa akina Duane! Wao kwa wao wanaendelea na mchezo wao wa kawaida, ila kwako wewe, mgeni, wanashika adabu uliyowaletea. Denise akajiumiza roho akapiga mti. Na wewe, mwenye sheria, ukazunguka ukampiga yeye mgongoni! Yule mama akaenda kuosha vyombo. Alidhani ndiyo inavyokwenda, kwamba anayeachia mgongo wake ndiye anayeosha, au amekosea mahali fulani asipopajua. Hakuuliza, kwa sababu huku kwetu mtu akikanyagwa mguu, yeye aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Mmekaa miezi, watu wazima wanne, mmezunguka meza moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo lingekwisha kwa sentensi moja. Kama si watu wa kwetu nyinyi, ningeshangaa.

Na eti hawakukubembeleza. Ulitaka wafanyeje, wakulilie? Mwanaume wa huku akikwambia, "Ukipata nafasi lakini, sawa, hatukulazimishi," amekupigia magoti hapo. Zaidi ya hapo husema mbele ya daktari tu. Na mtu anayekuonya habari za barafu barabarani anataka ufike salama, kwa hiyo anataka ufike.

Sasa uniambie, huruma ndiyo ikoje? Mimi nimeiona huruma. Huruma inakuletea bakuli la tambi za kuoka mara moja, inauliza hali, inaondoka na bakuli. Haikai Jumamosi baada ya Jumamosi ikishindwa vita kwa makusudi, wala haimfanyi mke wa Tou akaange maandazi kwa ajili ya mtu asiyemjua. Ukiona hivyo ujue umezoeleka. Ndicho kinachokutisha, nadhani. Kuhurumiwa ungevumilia, lakini hawa umeanza kuwapenda, na mtu uliyempenda namna hiyo alishakufa bila wewe kumuaga. Kwa hiyo unatafuta sababu ya kuwaacha wewe kwanza. Sikulaumu, ila sikuruhusu.

Ushauri wangu ni huu. Sanduku lifungue, kamba irudishe gereji. Jumamosi nenda, fika mapema, na kabla mtu hajashika dadu, simama useme kwa sauti: "Ile ya mgongo ilikuwa hadithi tu. Nipigeni." Usiongeze maelezo, usitoe hotuba. Mwombe Denise radhi kwa lile shambulio lako, naye atakwambia hakuna neno, na usimwamini, maana atakulipa siku hiyo hiyo. Utashindwa vibaya sana. Chukua keki ya kutosha watu wote.

Limebaki la mkeo, na hapa naomba uwe na akili kuliko ulivyokuwa kwenye gari. Ndiyo, alikwenda dukani. Hata mimi nisiyemjua nimejua. Umwambie nini, ukambane? Fikiri alichofanya. Mwanamke ambaye, kama mimi na mama yangu na mama yako, yuko radhi kusukuma gari lake mwenyewe kwenye theluji na goti bovu kuliko kugonga mlango wa jirani kuomba msaada, aliingia kwenye duka limejaa watu asiowajua na majoka ya plastiki, akasimama mbele ya kaunta, akasema kwa mdomo wake, "Mume wangu hana mtu." Neno hilo hakukwambia hata wewe. Alilimeza, akatoka na kuchechemea kwake, akakudanganya ili ufikiri ulijitafutia mwenyewe. Na wewe unamjibu kwa hali ya hewa.

Usimuulize tena alikwenda au hakwenda. Asubuhi ya Jumamosi, ukishavaa koti, kabla ya kutoka, ingia jikoni umwambie, "Karleen, nimepata watu." Hayo tu. Atasema angalia barabara. Mbusu, halafu nenda ukapigwe.