Baba Yuko Getini

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea.

Unajua tangu nyumba yetu iwe gesti na sebule iwe mgahawa, baba bado anakunywa chai pale pale amevaa singlendi yake.

Leo mgeni aliyelala chumba changu cha zamani kauliza, "Yule mzee ni nani?"

Mama, sahani mkononi, kajibu bila kupepesa macho: "Mlinzi wetu."

Mlinzi! Mume wake wa ndoa!

Baba alisikia. Akamaliza chai, akasuuza kikombe mwenyewe, akatoka.

Mama ananiambia, "Biashara haina aibu, mwanangu."

Sasa hivi nimerudi na mikate ya wageni. Baba ndiye kanifungulia geti. Kanipokea mzigo, kasema, "Karibu sana, mgeni wetu."

Nikacheka, shoga. Yeye hakucheka.