Wimbo wa Justa Umetoka Kimya

Mhezi,
S.L.P. 214,
Same.
Alhamisi, 14 Agosti 2003.

Mpendwa binamu Eliakimu,

Habari za Geita na vumbi lake? Shikamoo usiitegemee, ile miezi minne uliyonitangulia kuzaliwa haitoshi kukupa uzee. Natumaini kifua kimepoa na kwamba wanakulisha kitu kingine zaidi ya dagaa. Sisi huku ni wazima. Mama yako goti lilimsumbua mwezi wa sita, lakini sasa anapanda mlima kunishinda, ingawa ukimuuliza atalalamika tu ili umwonee huruma.

Harusi ya dada yako ni Jumapili, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nilikaribia kuiharibu. Nakuandikia mwenyewe kabla wambea hawajakufikia na chumvi yao. Mwandiko ukiukuta umeyumba, ni kwa sababu naandika mistari miwili, nainuka, nakwenda kusikiliza tena, narudi.

Unakumbuka Krismasi tuliposhuka na kinanda cha mwalimu Zebedayo mpaka studio kwa Bwana Sindato kule Same ninakofanya kazi, ukapiga wimbo wako wa kumwingiza dada yako Justa harusini, kompyuta ikauhifadhi. Ulipopata habari kwamba ruhusa ya kazini hakuna, Justa alisema mbele ya watu: vidole vya kaka yangu ndivyo vitaniingiza, na visipopatikana nitaingia kimya, wimbo wa mtu mwingine sitaki. Nami nikapiga kifua. Nikasema shule niliiacha kidato cha pili, lakini kompyuta inaniogopa.

Basi Jumamosi, siku ya sendofu ya kumuaga Justa, asubuhi nikauhamisha wimbo uwe faili la sauti. Kompyuta ikaandika dakika nne na sekunde kumi, sawasawa kabisa. Nikachoma CD, ikatoka, na umeme ukakatika papo hapo. Gari la mlimani lilikuwa linapiga honi. Kusikiliza? Nisikilize nini, mimi fundi mzima? Nikapanda.

Eliakimu, Justa kasimama mlangoni na shela lake, kwaya imejipanga, nabonyeza, namba zinakimbia kwenye redio, sauti hakuna. Naongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Watu wakainamisha vichwa, walidhani ni sala! Mzee mmoja akaitikia amina. Zebedayo akaninong'oneza, ila kwa sauti ya kwaya, ukumbi mzima ukasikia: "Erasmo, hata mbuzi wa sherehe ametoa sauti kabla hajachinjwa."

Justa aliingia peke yake, macho chini. Tangu siku hiyo salamu yangu haijibu.

Jumapili nikashuka Same. Nikabadili spika, nikabadili waya, nikachoma CD nyingine nne. Nyimbo za watu wengine kwenye kompyuta ileile zinaimba vizuri, wako hauimbi. Kwenye kioo naona mistari yako inakimbia, nota moja moja, hata pale unapojikwaa ubeti wa tatu napaona, ila kusikia sisikii. Nikaifuta programu, nikaiweka upya. Bwana Sindato akaniambia niache kuipiga kompyuta makofi, si punda.

Jumatatu jioni nikapanda kuomba msamaha. Justa akafunga mlango. Taratibu, lakini aliufunga.

Asubuhi yake pembe ya msaragambo ikalia kuita kijiji kazini, wote tukatoka na makoleo kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu, kabla ya maji kufunguliwa mferejini. Zebedayo, ambaye siku hizi ndiye katibu wa msaragambo, akasoma majina. Novatus: yuko Arusha. Stefani: yuko Dar. Karatasi imejaa mbele na nyuma, ndivani tuko watu kumi na tisa. Akafika kwako. "Eliakimu!" Mama yako akajibu, "Nipo," akaingia topeni na goti lake kuzoa kipande chako.

Mimi nikabaki nimesimama na koleo kama mlingoti. Kumbe ndiyo hiyo! Kompyuta haina sauti yako hata chembe. Ina karatasi ya majina tu: kibonyeze hiki, kiachie, kibonyeze kile kwa nguvu. Mwenye kufanya kazi ni kinanda, na Krismasi tulikisikia kwa sababu kilikuwa kimeunganishwa. Safari hii nimeita majina, nikachoma majina kwenye CD, na mfanyakazi mwenyewe yuko kanisani Mhezi amefunikwa kitambaa.

Nikamnyang'anya mama yako koleo. Kipande chako nimekizoa mimi, na hilo ulijue vizuri.

Zebedayo nikamwomba kinanda. "Hakishuki," akasema. "Wewe ndiye uliyekiita sanduku la nyuki." Nikakumbuka kweli niliwahi kukiita hivyo, tena mbele ya wanakwaya. Nikasema basi kompyuta ndiyo itapanda. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jana ikapanda. Bwana Sindato aliniapisha kwanza. Niliivisha blanketi mbili, kioo nikakipakata kwenye pikapu ya kabichi, kila kona naiombea. Kanisani wakawasha jenereta. Nikachomeka ile midi, waya wenye vichwa vya mviringo, nikabonyeza, na kinanda kikapiga! Vitufe vimetulia, hakuna aliyekigusa, na wewe ndiye unayepiga. Nikaruka benchi. Nikahamisha wimbo, nikafungua faili. Kimya kilekile.

Nilitaka kulia, usimwambie Rosemary wangu. Zebedayo akazunguka meza, akatazama nyuma ya kompyuta, akauliza, "Sasa hii inamsikilizia wapi?" Eti mwalimu wa kwaya! Waya niliouweka unapeleka maagizo tu. Sauti ya kinanda ilikuwa inatokea kwenye spika zake, kompyuta haina sikio. Nikachukua waya mwingine, nikautoa kwenye tundu la kutolea sauti la kinanda nikauingiza kwenye tundu la kurekodia la kompyuta, nikaiambia irekodi huku wimbo unapiga wenyewe. Dakika nne na sekunde kumi hakuna aliyekohoa, kana kwamba waya ungesikia. Kisha ndipo nikahamisha, nikachoma, na safari hii nikasikiliza mara tatu kwenye redio ya Zebedayo. Upo, Eliakimu. Upo wote.

Justa aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, ulipojikwaa ubeti wa tatu akacheka, akanipiga konzi ya kichwa. Kwa hiyo tunaongea.

CD ziko tatu. Moja anayo Zebedayo, moja iko chini ya mto wa Justa, moja ninayo kifuani ndani ya shati na hainitoki mpaka Jumapili. Bado sina raha. Nimeshaambiwa na watu wanne kwamba nitaichakaza kwa kuisikiliza.

Lakini hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Tulipokuwa tunarekodi, mama yako alikuwa anapita nje na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alisikia pale unapojikwaa. Akautupa mzigo mlangoni, akaingia mbio akiuliza, "Kafika saa ngapi?" Akakiona kinanda kinapiga na kiti kitupu. Hatukuthubutu kumjibu, tulikuwa tunarekodi. Akakaa kwenye kile kiti, mikono mapajani, mpaka ukamaliza. Kisha akasema, "Mwambie arudie."

Basi nakuambia.

Nisalimie Kurwa mnayekaa naye chumba kimoja. Shangazi, Justa, mwalimu Zebedayo na Bwana Sindato wanakusalimu. Mungu akulinde chini ya ardhi unakoshuka, na akupandishe salama kila siku.

Wako akupendaye, hata kama hupigi vizuri,
Erasmo