Kitenge Kilichofungwa Bombani

Baba Lugano,

Fundi anarudi mchana na bomba jipya. Mtaro umalizie wewe, sururu ipo nyuma ya choo. Choo cha ndani asiingie mtu. Watoto waende kwa Mama Esnath, nimeshamwomba. ~~Chakula chako kipo kwenye hotpoti.~~ Jipikie.

Asubuhi ulipokimbilia shambani, fundi alichimba. Bomba halikupasuliwa na mizizi kama ulivyotuambia. Limepasuliwa na jembe, pale pale ulipopanda mgomba wako, ule unaowatambia wageni kwa unene. Kumbe unanyweshwa na choo chetu! Na ule ufa uliufunga na nini? Kitenge changu cha kwaya. Ukafukia, ukapanda mgomba juu, ukanawa mikono.

Mimi kitenge hicho nilimdai Marita, mdogo wako. Nilimwita mwizi kwenye meza hii hii, wewe unatafuna ndizi. Hukuinua hata uso. Akafunga mzigo wake analia, na wewe ndiye uliyemsindikiza stendi!

Nimekwenda Masukulu kumwomba radhi, na sirudi bila yeye. Mgomba ung'oe kabla fundi hajafika. Kitenge nimekianika mbele ya mlango, hivyo hivyo bila kukifua. Ole wako ukikigusa. Marita akiingia, mweleze wewe mwenyewe kilikuwa wapi siku ile alipokuwa analia.

Mama Lugano